Ngazi ya Saa Sita

Kila siku ya Mungu, jua lilipofika utosini, bibi wa nyumba ya kona alitoka bandani akiburuta ngazi. Si ngazi ya kuchezea. Ilikuwa ya mbao, ndefu, nzito, imefungwa waya hapa na pale ilipochoka, na miguu yake ilikuwa imechimba mifereji miwili uani kwa kupita njia ile ile. Aliiegemeza ukutani chini ya ukingo wa bati, akaitikisa kujua kama imesimama, kisha akaishika kwa mikono miwili na kunyamaza. Hakupanda. Hakutazama juu. Aliishika tu, kama unavyomshikia mwenzako asianguke. Baada ya kitambo alishusha pumzi, akairudisha bandani, akaingia ndani kuuliza kama chakula kimeiva au watu wanangoja Kiama.

Usidhani kichwa chake kilikuwa na kasoro. Bibi yule alikuwa na akili za kumwazima na jirani. Alijua nani mtaani kaachwa kabla mwenyewe hajajua, na ukimpelekea uongo alikusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, halafu akakuuliza swali moja ukatamani ardhi ipasuke. Ni saa sita tu iliyokuwa na mambo yake. Fundi viatu aliyekaa ng'ambo ya barabara alizoea kumtania: "Bibi, aliye juu mngoje chini, siyo?" Naye alijibu bila kugeuka: "Ndiyo kazi yangu hiyo, mwanangu." Fundi viatu alicheka, wapita njia wakacheka, na siku ikaendelea.

Asiyecheka alikuwa mwanawe. Huyu alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mtu mzima mwenye mvi za masikioni na tai ya kahawia, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu wazima wenzake jioni jioni wakitoka kazini. Asubuhi alishinda nyumbani akisahihisha, kwa hiyo ngazi ilimkuta palepale kila siku. Akiisikia inaburutwa aliinamisha kichwa juu ya madaftari ya watu na kujifanya hasikii. Watoto wake walipokuwa wadogo walimuuliza, bibi anamshikia nani ngazi? Aliwajibu, malizeni kula.

Alijua, lakini nusu. Baba yake alikuwa fundi wa mabati, na mama yake ndiye aliyekuwa msaidizi wake, jambo lililowafanya watu wa wakati ule wageuze shingo barabarani. Mume alibeba nyundo na misumari, mke alibeba ngazi. Walikuwa na utaratibu wao. Bati jipya halitaki ngazi iliyoegemea, maana hulibonyeza ukingo na mwenye nyumba akaja kulalamika. Basi fundi akishapanda, mke aliiondoa ngazi, akailaza pembeni, akakaa kivulini kungoja. Na kwa kuwa kelele za mji humeza sauti ya mtu, fundi hakupiga ukelele akitaka kushuka. Aligonga nyundo kwenye bati: tatu, kimya, tatu. Mke akaisikia, akaileta ngazi.

Utaratibu ule uliwafuata mpaka nyumbani. Mwalimu alikumbuka baba yake amekaa mezani, amechoka, akigonga meza kwa vifundo vya vidole: tatu, kimya, tatu. Na mama jikoni akiitikia, "Nakuja na ngazi yako, mkubwa!" kisha akatokea na kikombe cha maji. Walikuwa watu wa kucheka wale. Ila walikuwa pia watu wa kununa, na kila mmoja kwa kununa alikuwa bingwa.

Siku baba alipokufa walitoka asubuhi hawasemeshani. Ilikuwa siku ya harusi ya dada yake mama. Fundi alikuwa ameahidi watasafiri, halafu akapokea kazi ya paa la ghorofa fulani mjini na kusema harusi zipo nyingi. Mama alibeba ngazi nywele zake zimesukwa za sherehe. Jioni alirudi bila mume, amezungukwa na watu. Mtoto alipouliza, aliambiwa neno moja ambalo halikuongezwa jingine mpaka utu uzima: "Baba yako jua lilimpiga."

Akili ya mtoto haina breki. Aliliona jua lina ngumi. Kwa muda mrefu alitembea kando ya kuta, na mpaka leo, mzee mzima, hapendi kukaa chini ya paa la bati wakati wa mchana, ingawa nyumba aliyoweza kuijenga ni hiyo hiyo ya bati. Duniani hatuchagui.

Sasa juma lile ngazi ilimponyoka bibi. Ikaanguka kwa kishindo, ikapasua kioo cha dirisha, ikamkwaruza bega. Mke wa mwalimu, mwanamke wa maneno machache na macho mengi, alimfunga mama mkwe wake kitambaa, akafagia vioo, kisha akamfuata mumewe mezani.

"Baba watoto, leo ni kioo. Kesho ni mama."

"Unataka nifanye nini?"

"Yule mpaka rangi wa mtaani anaitamani ile ngazi siku zote. Mpe."

Wakakubaliana kwamba huyo mpaka rangi aje kuichukua Jumamosi alasiri. Wakamwambia bibi wakati wa chakula, kwa sauti ile ya upole ambayo watu huwatumia wagonjwa na wazee, na ambayo wazee huichukia kuliko ugonjwa. Bibi alitafuna, akameza, akamtazama mwanawe.

"Mkiitoa, atashukaje?"

Hakuna aliyeuliza nani. Mkwe aliinuka kuondoa vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula.

Siku ya pili mwalimu alikwenda darasani kama kawaida. Darasa lenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la mapazia, feni inazunguka kwa hisani yake yenyewe, madawati ya watoto yaliyobeba makalio ya watu wazima. Walikuwapo muuguzi aliyesinzia kila baada ya sentensi mbili, dereva wa lori mwenye mdomo, dada wawili wauza nguo, na mzee kinyozi. Kinyozi huyu alikuja kujifunza kwa sababu, kwa maneno yake, wateja wa siku hizi wanamsema kwa Kiingereza akiwa na wembe shingoni mwao, na huo si ujasiri, ni utovu wa adabu.

Somo lilikuwa kuelezea hali ya hewa. Mwalimu akaandika ubaoni: "The sun beat down on the roof." Alikuwa ameifundisha sentensi ile miaka nenda miaka rudi, na mkono wake uliiandika huku mwenyewe akiwaza ngazi.

"Hili 'beat' ni kupiga," alisema. "Hili 'down' ni chini, au kuelekea chini. Lakini vikiwa pamoja, na jua likawa mwenye kutenda, msitafsiri neno kwa neno. Andikeni: jua liliwaka vikali sana. Basi."

Dereva wa lori akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mwalimu, jua limempiga chini? Limepata bwana mwingine?"

Darasa likaangua kicheko, hata muuguzi akaamka. Mwalimu naye akatabasamu, kwa sababu kuna utani ambao hata mtu mwenye msiba humtoka jino. Kisha akawaomba mifano. Ndiyo ilikuwa desturi ya darasa lake: kila neno jipya, mtu mmoja hutoa kisa kutoka maishani mwake kwa lugha yake, halafu wote husaidiana kukihamishia Kiingereza.

"Mimi ninacho," alisema kinyozi.

"Karibu, mzee wangu."

Kinyozi akasimama, akashika dawati. "Zamani hizo nimefungua kibanda changu cha kwanza, mtaa wa mashine za kusaga. Kijana, kiti kimoja, kioo kimoja. Mbele yangu wanaezeka paa la ghorofa. Siku hiyo jua, jamani, jua lile sijaliona tena. Mbwa walihamia mitaroni. Na juu kule yuko fundi mmoja peke yake, anagonga. Kelele za mashine zile unazijua, mtu hasikii hata anachofikiri, lakini nyundo nilikuwa naipata. Ta, ta, ta, kimya. Ta, ta, ta, kimya. Nikamwambia mteja wangu, unamsikia fundi huyo? Huyo ana mpango. Mpaka nikawa nakata nywele kwa kumfuata yeye."

Watu wakacheka kidogo. Mwalimu alikuwa bado ameshika chaki hewani.

"Aligonga mchana kutwa," kinyozi aliendelea. "Mwanzo kwa nguvu. Halafu ikawa inapungua. Mwishoni ilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Ikanyamaza. Nikasema, amemaliza. Kumbe kweli alimaliza. Jioni ndipo wakapanda kumteremsha, amekauka midomo, mgongo umeshikana na bati."

"Yesu wangu," alisema mmoja wa wauza nguo. "Kwa nini hakushuka?"

"Hakuwa na ngazi. Ngazi alikuwa nayo mkewe. Amekaa kivulini upande wangu wa barabara, nywele zimesukwa vizuri, ngazi kailaza miguuni pake. Nilimtupia jicho mara kadhaa. Hakuinua kichwa. Ndiyo maana hata mimi sikujali, nikasema mwenye mume yupo. Na isitoshe, dada yangu, fundi wa mabati akigonga nyundo nani atashangaa? Mtaa mzima tulisikia. Tulidhani kazi inaendelea. Nimekuwa mzee na bado nikiwa nanyoa mtu mchana nasimamisha mkono. Sasa mwalimu, hiyo nitaisemaje kwa Kiingereza?"

Chumba kizima kiligeuka kumtazama mwalimu. Mle ndani ni yeye peke yake aliyejua maana ya ta, ta, ta, kimya. Alisema darasa limekwisha. Walitazamana, maana feni ilikuwa haijazunguka vya kutosha kwa darasa kwisha, lakini mtu mzima haulizwi mara mbili. Walikusanya vitu vyao. Kinyozi alipita akamgusa bega, akidhani kamchosha kwa hadithi ndefu.

Njia ya nyumbani aliifuata kwa miguu tu, kichwa hakikuwapo. Alikuwa amelelewa na mwanamke aliyeshona nguo za watu mpaka vidole vikapinda ili yeye avae viatu shuleni. Alikuwa amemwita mama huyo nguzo yake mbele za watu. Na mama huyo alikuwa amekaa kivulini, ngazi miguuni, akimsikiliza mumewe akimwita. Moyo ulimwuma kwa namna ambayo hakuijua. Ulikuwa kama jino, ukiliacha linauma, ukiligusa linauma zaidi.

Alimkuta barazani akichambua kunde. "Umerudi mapema, baba," alimwambia, kwani ndivyo alivyozoea kumwita mwanawe. Mwalimu akaitikia kwa koo, akapita. Siku zile zote mpaka Jumamosi alimwamkia kwa sababu ya malezi, si kwa sababu ya moyo. Mkewe alimwuliza kulikoni, akasema tumbo. Bibi hakuuliza lolote, na kwa bibi yule kutouliza ni jambo la kutisha.

Saa sita ya kila siku ngazi iliburutwa. Mwalimu hakuinamisha tena kichwa. Alisimama dirishani, nyuma ya karatasi ngumu waliyoziba pale pa kioo, akamtazama kwa upenyo. Akajiambia, ataipoteza Jumamosi, na iwe hivyo, afike hapo ukutani ashike hewa.

Jumamosi ikafika. Jua lilikuwa limekuja na deni lake lote. Bibi akatoka na ngazi, bega bado limefungwa kitambaa, akaiegemeza, akaishika. Mwalimu akatoka nyuma yake. Hakuwa amepanga. Alikuwa amekuja kumwuliza, amuulize mara moja kabla mpaka rangi hajaja, lakini alipofika karibu maneno yaligoma.

"Mama, nipishe kidogo," alisema, akakanyaga kidato cha kwanza.

Bibi hakumzuia. Alisogea upande akaendelea kushika, na mwalimu akapanda, tai ikimpiga kifuani, mpaka akavuka ukingo na kukaa juu ya bati la nyumba yake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani.

Bati lilimchoma kupitia suruali, akachuchumaa. Likamchoma kupitia nyayo za viatu, akabadilisha miguu. Hapakuwa na kivuli hata cha kidole. Jua halikuwa mbali kama linavyoonekana ukiwa ardhini. Lilikuwa hapo hapo kichwani, na kila alipoinua uso lilimrudisha. Akatazama barabarani. Fundi viatu kainamia kiatu. Mama mmoja anapita na kapu. Watu chungu nzima, na hakuna hata mmoja anayeinua macho, kwa sababu nani anayeinua macho jua likiwa vile? Akayakumbuka maneno ya ubaoni. Akaona kwamba miaka yote amewaandikisha watu nusu. Kuwaka, jua linawaka hata pasipo mtu. Maneno yale yanataka mtu awepo chini yake, tena asiye na pa kwenda, na kipigo kinachorudi na kurudi mpaka ainame. Aliyatamka kwa sauti ndogo, peke yake juu kule, na kwa mara ya kwanza yalimtisha.

Chini aliona kitambaa cha kichwa cha mama yake na mikono miwili kwenye ngazi. Hasira ikampanda upya. Angeweza kushuka. Hakushuka. Alijiambia, na akae kidogo, asimame na yeye juani, ajue.

Akakaa. Jasho likamwingia machoni. Kitambaa cha kichwa kule chini kikaanza kuyumba, kidogo tu, kulia na kushoto, na mikono ikawa inatetemeka mpaka ngazi ikagonga ukuta. Bado hakuinua uso, bado hakumwita. Angesimama pale mpaka aanguke. Mwalimu akaona jinsi lilivyokuwa jambo dogo alilolifikiri, dogo la nyumbani, la mtu na mtu wake, na jinsi lilivyokuwa limekwisha kuanza kuua.

Akashuka haraka, mgongo kwa mama yake, akitafuta vidato kwa miguu. Alipobakiza viwili alimsikia.

"Fundi."

Akasimama.

"Nilikusikia," mama alisema. Hakuwa akilia, alizungumza kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana. "Tangu ya kwanza nilikusikia. Nikasema, na akae kidogo, ajue. Halafu nikasema, akigonga tena nakwenda. Ukagonga. Nikasema, akigonga tena. Ukagonga. Nikasema, tena. Halafu hukugonga."

Mwalimu aliegemeza paji la uso kwenye ubao wa ngazi. Ulikuwa wa moto.

"Nikafurahi," mama alisema. "Nikasema, kumbe naye amenuna."

Fundi viatu ng'ambo alikuwa akipiga msumari wa kisigino na kuimba.

"Ulikasirika, Fundi?"

Mwalimu angeweza kugeuka, akaonyesha uso wake, akasema, mama, ni mimi. Pengine ndivyo alivyopaswa. Alijua alivyogonga baba yake mwishoni, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Alijua midomo iliyokauka. Alikaa pale kwenye kidato, mtu mzima yatima, akayameza yote.

"Sikukasirika," alisema, na sauti ilitoka nzito, si ya darasani. "Nilijua unakuja."

Nyuma yake mikono ikaachia ngazi.

"Basi shuka," mama alisema. "Jua kali hili."

Yule mpaka rangi alipokuja alasiri, bibi alikuwa barazani anadai chai, na ngazi ilipopitishwa mbele yake alivuta miguu ipite, hakuitazama. Mke wa mwalimu alimshukuru Mungu waziwazi. Mwalimu alisaidia kuibeba hadi barabarani, akaagana na mpaka rangi, akasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amempa mama yake msamaha ambao hakuwa amepewa aupeleke. Mwenye kusamehe hakuulizwa, na hakuna wa kumuuliza. Huenda alijua mkewe anakuja. Huenda hakujua.

Jumapili mchana bibi alilala kitini, kinywa wazi kama mtoto, akapitiwa na saa sita yake bila kujua. Nyumba ilitulia. Mwalimu alikuwa mezani na madaftari. Jua likapanda, bati likapata moto, likaanza kulia kama yanavyolia mabati yote yakitanuka: ta, ta, ta. Likanyamaza. Ta, ta, ta. Mwalimu alikuwa amekwisha fika bandani, mikono mbele, kabla hajakumbuka kwamba ngazi haipo.